Sikukuu Iliyolala Msibani

Kila mwaka mwezi wa nane ukikaribia, mgongo wangu huanza kuuma kabla sijagusa sufuria. Unakumbuka wenyewe. Parokia yetu iko Mbuba, na somo wetu, yaani mtakatifu msimamizi wa parokia, ni Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, kwa hiyo sikukuu huangukia katikati ya kiangazi, wakati vumbi jekundu limeshaingia hadi kwenye kope. Nimeongoza mapishi ya siku hiyo kwa miaka mingi. Kuchaguliwa kwenyewe hakukuwa na heshima yoyote. Akina mama walikuwa kikaoni, mimi nikatoka nje kujisaidia, na niliporudi nikakuta wananipigia makofi.

Watu wakisikia neno sikukuu, husikia ngoma. Mimi husikia kuni mbichi na maharage yaliyokataa kuiva. Na somo si sikukuu pekee. Kuna Pasaka, kuna maandamano ya Ekaristi, kuna mavuno, kuna Kipaimara askofu anapokuja, kuna Krismasi, na katikati yake zinajipenyeza jubilei za masista na upadrisho wa kijana wa jumuiya fulani. Kila moja ina kamati yake, na kila kamati ikifika kwenye suala la chakula inageuza shingo kunitazama mimi. Nilipostaafu ualimu nilidhani nitapumzika. Watu wakasema, sasa mwalimu ana nafasi.

Mume wangu alikuwa ameshapata kiharusi wakati huo. Upande wake wa kulia ulilala, na maneno yakawa yanamtoka moja moja, kama mtu anayechagua mchele. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akipiga ngoma kanisani. Sasa alikuwa anakaa kwenye kiti cha kamba mbele ya nyumba, anatazama kahawa ambayo hawezi tena kuichuma, na kutoka nje ya ua hakutoka. Nilimwogesha asubuhi, nikamlisha, nikamgeuza usiku asiote vidonda. Sisemi haya ili nihurumiwe. Nasema ili ieleweke kwamba mwaka ule wa mkokoteni, huu ninaousimulia, niliufikia nikiwa nimechoka tayari.

Mwaka huo tuliletewa padri msaidizi kutoka India, kutoka mji mmoja wa kusini kabisa mwa nchi yao. Alikuwa mtu wa umri wa kati, mwembamba, mweusi kuliko wengi wetu, jambo lililowashangaza watoto waliodhani Wahindi wote ni weupe. Kiswahili alikisoma shuleni, na alikisema kama kilivyo kitabuni, hakuna kilichopinda. Alimwamkia kila mtu shikamoo, hata watoto wa chekechea, nao wakamwitikia marahaba bila aibu hadi nilipowakanya. Wengi wetu huku l na r hatuzitenganishi vizuri, lugha za nyumbani zimetulea hivyo. Mama mmoja alimwambia, "Padri, karibu kura," naye akanijia baadaye akaniuliza kwa upole uchaguzi wenyewe ni wa nini.

Alikuwa na tabia ya kuja jikoni. Mapadri wetu hawaji jikoni. Wanasubiri mezani. Huyu aliingia, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akamenya vitunguu. Alipanda pilipili nyuma ya nyumba ya mapadri na kutuletea, na hakuna aliyeweza kuzila isipokuwa yeye. Siku moja tukichambua maharage ya kikao cha walei, akaniuliza sikukuu ya somo tunaifanyaje.

"Misa," nikamwambia. "Halafu chakula. Halafu hotuba, ngoma, zawadi. Halafu kuosha vyombo."

Akacheka kidogo, kisha akaanza kunisimulia za kwao. Alisema katika mji wao mwezi hauishi bila sikukuu. Mwanzoni mwa mwaka ni mavuno. Kila nyumba inanunua chungu kipya, inapika mchele mpya kwa maziwa nje, jua linapochomoza, na watu wanasubiri yafurike. Yakifurika wanapiga kelele kwa furaha, maana ni dalili ya mwaka wa shibe. Ng'ombe huoshwa wakapakwa rangi kwenye pembe na kuvikwa mashada. Wanawake huamka alfajiri kuchora maua chini mlangoni kwa unga wa mchele, na jioni unga umeshaliwa na sisimizi na kukanyagwa na wapita njia, kesho wanachora tena. Kuna sikukuu ya taa. Kuna sikukuu ya Wahindu ambapo sanamu za udongo zenye kichwa cha tembo hupelekwa majini kwa ngoma, zikayeyukie huko. Na mwishoni mwa mwezi wa nane ni ya Bikira Maria. Bendera hupandishwa, watu hutembea miguu mitupu kutoka mbali wamevaa nguo za rangi ya chungwa, na Mama Maria huwekwa kwenye gari la mbao lililofunikwa maua, watu wakalivuta kwa kamba mitaani. Wahindu wanakuja na nazi zao, Waislamu wanakuja na mishumaa, na hakuna anayemwuliza mwenzake umefuata nini.

"Na nani anapika?" nikamwuliza.

Akafikiri kweli. "Akina mama," akasema.

"Basi ni kama hapa."

Hilo la Waislamu halikunishangaza. Mimi nilizaliwa Nemba, upande wa Biharamulo, na jirani zetu walikuwa Waislamu. Siku ya Idi sahani ya pilau ililetwa kwetu imefunikwa kitambaa, na mama yangu hakuirudisha tupu. Aliiweka hadi Krismasi, akairudisha na mchele na kuku ambaye baba wa nyumba ile alikuwa ameitwa kuja kumchinja mwenyewe. Nilipomweleza padri habari hizo, alifurahi kana kwamba nimemtajia ndugu yake.

Kumbe alikuwa analea wazo. Kikao kilichofuata cha halmashauri ya parokia alisimama akaomba mwaka huo Mama Maria atoke. Avutwe kwenye mkokoteni uliopambwa, kutoka kigango cha ng'ambo ya bonde hadi kanisani. Wazee waliguna. Mmoja alisema Bikira Maria hawezi kupandishwa chombo cha kubebea ndizi. Mwingine akauliza kwenye mteremko tutafanyaje, mkokoteni ukikimbia? Paroko wetu, mzee ambaye naye alikuwa ameshachoka na vikao, akasema, "Mwacheni ajaribu." Mimi nilikuwa nahesabu kichwani watu wa ziada watakaofuata mkokoteni huo na kutaka kula.

Mkokoteni ulitolewa na jamaa mmoja anayebeba ndizi kwenda mnadani. Tuliusugua kwa sabuni, harufu ya ndizi haikutoka. Maua ndiyo yaliyotutesa, maana kiangazi maua ni shida na huku hatuna desturi ya kuyafuma. Masista walikubali bogonvilia zao zikatwe kwa masikitiko makubwa. Tulipoyapata, hatukujua kuyafunga, yakawa yanaanguka. Padri akampigia mama yake simu ya video.

Nakumbuka uso wa yule bibi kwenye kioo cha simu. Nywele nyeupe zimebanwa nyuma, kipini puani, meno machache. Padri alituambia mama yake amefuma maua maisha yake yote, akiuza nje ya kanisa, na akiwafumia Wahindu wa hekaluni vilevile, kwa kuwa kila sikukuu inataka maua. Sisi tukamwamkia, "Shikamoo bibi," kwa pamoja. Hakuelewa, akaitikia kwa maneno yake marefu. Kisha akaiweka simu mahali, akatuonyesha mikono. Aliushika uzi kwa kidole gumba cha mguu, akaupinda, akalibana ua, akapinda tena, haraka mno hadi tukamwomba arudie. Akarudia polepole. Tukafuata kwa kamba za mgomba. Mama mmoja aliyekuwa amelalamika tangu asubuhi juu ya miguu yake ndiye aliyeshika fundisho kwanza, na yule bibi alipoliona shada lake akatikisa kichwa upande upande. Tulidhani amekataa. Padri akasema hapana, kwao huko ndiko kukubali.

Siku ya sikukuu nilimwacha mume wangu na mkwe wetu, mke wa mwanangu mkubwa. Nilikuwa najifunga kitenge mume wangu aliponiambia, neno baada ya neno, "Usirudi... umechoka."

"Nitarudi nimechoka," nikamjibu. "Wewe kula uji wako."

Jiko letu la sikukuu ni turubai lililofungwa kwenye miti nyuma ya kanisa, mafiga ya mawe, na zile sufuria kubwa zilizobaki tangu enzi za kambi ya wakimbizi ya Lukole, ambazo kuziinua kunataka wanawake wanne. Langoni vijana walikuwa wamechimbia migomba kila upande, kama tunavyofanya kwenye harusi. Jana yake padri alikuwa amesimama hapo muda mrefu, ameshika jani. Aliniambia kwao pia milango ya sikukuu hufungiwa migomba, na kwamba hakutegemea kuikuta Mbuba.

Vitunguu vilikuwa vimeanza kugeuka rangi alipoingia, amevaa kanzu nyeupe ya Misa. Nilidhani anataka chai. Akasimama karibu na rundo la kuni, mbali kidogo na wengine, nikamfuata na mwiko mkononi.

"Mwalimu," akasema, "mama yangu amekufa."

Hivyohivyo. Walimu wake wa Kiswahili hawakuwa wamemfundisha kwamba mama wa mtu hasemwi hivyo, kwamba tunasema amefariki, ametutoka. Neno lile lilikuja tupu. Nilisahau vitunguu vyangu.

"Lini?"

"Asubuhi hii. Kaka yangu amepiga simu. Moyo tu. Alikuwa anakunywa kahawa."

"Paroko anajua?"

"Nimemwambia. Anataka kuahirisha maandamano. Nimekataa. Watu wengine wametoka nyumbani tangu usiku. Tafadhali usiseme. Waache wale kwanza."

Nikamwuliza kama atasafiri. Akatazama chini. Alisema wanazika kesho yake asubuhi. Basi hadi Mwanza, ndege hadi Dar es Salaam, ndege ya kuvuka bahari, na nyingine tena ndani ya nchi yao. Angefika akute udongo umeshakauka. Nikamwambia akajilaze basi, paroko atatosha. Akatikisa kichwa, kwa mtindo wetu huu wa kukataa. "Nikilala nitafikiri," akasema. Akaenda.

Nilirudi jikoni. Vitunguu vilikuwa vimeungua, na akina mama walinitazama maana si kawaida yangu. Nikasema moshi umeniingia machoni.

Katika miaka yote ile sikuwahi kuona maandamano yoyote ya parokia yetu. Mpishi haoni kitu. Hukisikia tu kwa mbali, kisha hukiona kimekuja na njaa. Siku hiyo nilimkabidhi mwenzangu mwiko nikavuka bonde kwa njia ya mkato hadi kigangoni, nikafika nimekauka koo. Walikuwa wanaanza. Sanamu ilikuwa imefungwa kwa kamba katikati ya mkokoteni, na mashada yetu yameizunguka hadi kiunoni. Padri alikuwa mbele, amevua viatu. Njia ile ni ya changarawe kali, na pembeni miiba. Nikashika kamba.

Ulikuwa mzito kuliko nilivyofikiri. Kwenye mteremko wanaume walihamia nyuma kuuzuia, wakivuta kinyume, visigino vimezama vumbini, na yule mzee aliyehofia mkokoteni kukimbia ndiye aliyekuwa akitoa amri, polepole, polepole, shikeni hapo. Kwaya iliimba hadi sauti zikapasuka. Padri hakugeuka nyuma. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na mzee mmoja pembeni yangu akasema, "Tazama anavyompenda Mama Maria. Analia kabisa."

Nilivuta. Nilikuwa nimeona damu kidogo kwenye kisigino cha padri, na niliona afadhali kutazama kamba.

Misa ilikuwa ndefu, hotuba zikawa ndefu zaidi. Mgeni rasmi alizungumzia maendeleo ya wilaya hadi watoto wakalala. Kisha zawadi zikaja: kuku waliofungwa miguu, mbuzi, mikungu ya ndizi, kitenge cha picha ya Bikira Maria. Mshereheshaji, kijana mwenye maneno mengi, akamwita padri mgeni katikati. Leo umetufurahisha, akasema kwenye kipaza sauti, sasa tuonyeshe mnachezaje kwenu. Ngoma ikapigwa. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa turubai na beseni la wali. Nilimwona akisita, akimtazama paroko, na paroko akitazama meza. Kisha akacheza. Alinyanyua mikono yake myembamba, akapiga miguu chini, miguu ileile, na uwanja mzima ukapiga vigelegele. Niligeuka nikaanza kupakua. Baadaye nilipompelekea sahani alikula yote, polepole, kwa kuwa watu walikuwa wanamtazama na alijua kwamba mgeni asiyekula kwetu anaudhi.

Jua lilipoanza kuinama watu wakatawanyika. Akina mama walikuwa wameketi wamenyoosha miguu, wanakwangua ukoko, hakuna aliyebaki na nguvu ya kusema. Hapo ndipo nikawaambia. Yule bibi aliyetufundisha kufuma maua, nikasema, amefariki leo asubuhi. Mtoto wake alikuwa anajua tangu kabla ya Misa.

Hakuna aliyelia hapohapo. Walitazama mikono yao. Mmoja aliuliza, "Hata alipocheza?" Nikasema, hata alipocheza. Halafu yule mwenye kulalamikia miguu akainuka, ikamchukua muda kuinuka, akasema, "Basi turubai lisiondolewe. Kokeni moto."

"Msiba uko India," mwingine akasema. "Sisi tutakaa tukimlilia nani, bila marehemu, bila ukoo?"

Bikizee mmoja, mama wa katekista, alikuwa amelala kwenye mkeka tukidhani hasikii. Akasema bila kufumbua macho, "Mtu hafiwi peke yake kama mbuzi."

Likaisha hilo. Habari zikapita kwa simu na kwa miguu, na waliokuwa njiani kurudi makwao wakageuka. Tuliihamisha mikeka mbele ya nyumba ya mapadri. Wanaume wakaleta magogo. Wali uliobaki, nyama iliyobaki, maharage, vyote vikarudishwa motoni. Familia ya Kiislamu yenye duka karibu na kituo cha bodaboda, watu wa Biharamulo kama mimi, walituma chai ya tangawizi kwenye birika kubwa, na baba wa nyumba ile akaja mwenyewe kuketi na wanaume.

Mimi na bikizee tulikwenda kugonga mlango wa padri. Alikuwa amekaa kitandani na kanzu yake, miguu haijaoshwa. Nikamwambia watu wako nje.

"Wanataka nini?" akauliza. Nadhani alifikiri ni sikukuu inaendelea.

"Wamekuja kukaa nawe."

Tulimtoa nje, tukamkalisha mkekani, si kwenye kiti. Bikizee akamshika mikono yote miwili akamwambia "Mwihangane," pole ya lugha ya nyumbani, naye hakujua kuitikia. Wanawake wakapita mmoja mmoja, wakimshika mkono, pole padri, pole sana. Aliinama kunisemesha chini chini.

"Nifanye nini?"

"Hakuna. Ukae tu."

"Mpaka lini?"

"Hilo si lako kulipanga. Sisi tutakuambia."

Akalia basi, sauti nzima, kama mtoto aliyeangukia mahali penye watu wake. Wanawake wakalia naye, na nilijua wengine walikuwa wanawalilia mama zao wenyewe, kama kawaida ya msibani. Alipotulia bikizee akamtaka aeleze marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Akaeleza. Alisema mama yake aliamka kabla ya jogoo siku zote za maisha yake kwenda kununua maua sokoni. Alisema vidole vyake vilikuwa na makovu ya uzi. Kisha akasema kitu ambacho nilikisikia kama kimesemwa kwangu peke yangu: kwamba mama yake alizichukia sikukuu. Kila zilipokaribia alinung'unika, akisema hawa watu hawachoki kusherehekea, na siku yenyewe ikifika alikuwa anauza huku amekaa chini, hata gari la Bikira Maria lilipopita hakuinuka kulitazama. Alilisikia tu. Watu wakacheka kidogo, naye akacheka. Mimi sikucheka. Niliwaza kwamba ningependa kuwa nimekaa na yule mama dakika chache, bila kusemezana, tumenyoosha miguu.

Giza lilipoanza kuingia nilirudi nyumbani kwa mgonjwa wangu. Nilimsimulia mume wangu huku nikimvua shati. Alisikiliza. Nilipomaliza akasema, "Nipeleke."

"Utakwendaje? Hata chooni tunakubeba."

"Nipeleke," akasema tena, na akageuza uso ukutani, kumaanisha mazungumzo yamekwisha.

Asubuhi mwanangu akaenda kumwomba mwenye mkokoteni. Jamaa alikuwa bado hajaung'oa maua, yamenyauka kingoni. Tuliweka godoro, tukamlaza mume wangu na mto chini ya mkono mbovu, vijana wakavuta. Watu waliokuwa wanakwenda shambani walisimama kando ya njia, wakavua kofia, sijui kwa sababu ya maua au kwa sababu yake, maana wengi walikuwa hawajamwona tangu augue. Yeye alitazama juu, kwenye mikaratusi, muda wote. Nilitembea pembeni yake nikishika ukingo, nikaona anajaribu kutabasamu kwa upande mmoja.

Walimshusha wakamkalisha kwa kuegemeza mgongo ukutani, karibu na padri. Alimwekea mkono mzima begani na kusema, ikamchukua muda mrefu, "Pole... mwanangu." Walikaa.

Kisha simu ikaita. Ilikuwa ni kaka yake. Kwao jua lilikuwa juu zaidi kuliko kwetu, na walikuwa makaburini. Padri hakujua aishike wapi, nikachukua sufuria iliyofunikwa nikaiegemeza simu hapo. Wote tukasogea. Tuliona watu wengi waliovaa nyeupe, mwavuli, jeneza lililofunikwa mashada mengi kiasi kwamba mbao hazikuonekana. Yule mama mwenye kulalamikia miguu akasema kwa sauti ya chini, "Hayo yamefumwa sawasawa." Paroko akavaa stola akasimama nyuma yetu. Kule wakaimba wimbo kwa lugha yao, na huku katekista akaanzisha wa kwetu. Nyimbo mbili hazikukutana hata kidogo. Jeneza lilipoanza kushushwa picha ikaganda, halafu ikakatika. Mtandao wetu ndivyo ulivyo. Kijana mmoja akataka kupiga tena, padri akamzuia. Paroko akaendelea na sala ya maziko hadi mwisho, akarusha maji ya baraka kwenye udongo mkavu mbele ya mikeka, na kila mmoja wetu akachota vumbi akatupa hapo, kwa kuwa hatukuwa na mahali pengine pa kutupa.

Tulikaa siku kadhaa. Akina mama walipeana zamu, nami nilipika tena, kwa sufuria zilezile ambazo hazikuwa zimepata nafasi ya kukauka. Siku ya kuanua matanga padri alisimama akashukuru kwa Kiswahili chake kilichonyooka. Alisema, "Mama yangu amefariki." Alikuwa ameshajifunza.

Tangu hapo mkokoteni umekuwa desturi. Sasa jumuiya zinagombania ni mkokoteni wa nani utumike, na kuna kamati ya maua, nayo hula. Mume wangu huletwa kila mwaka, hukaa upande wa wapiga ngoma. Kazi haikupungua, imeongezeka.

Mwaka jana padri alihamishiwa parokia nyingine, huko ndani ndani Biharamulo. Paroko alipoitisha kikao cha kumuaga, shingo zikageuka kama kawaida. Nikasema safari hii sipiki. Sikutoa sababu, na hawakuuliza, nadhani uso wangu ulitosha. Siku ya kuagana nilivaa kitenge changu kizuri, nikakaa kwenye kiti, chini ya turubai la wageni, mume wangu kushoto na padri kulia. Mikono yangu sikujua niiweke wapi. Padri alinimiminia maji ya kunawa mwenyewe. Hatukuongea sana. Aliniuliza mgongo unaendeleaje, nikamwambia upo, naye akasema pilipili zake niachiwe mimi, nikamwambia nitawapa kuku.

Chakula kikaja. Maharage yalikuwa hayajaiva vizuri, na wali umeshika chini. Mama mmoja kijana aliyeshika mwiko kwa mara ya kwanza alikuja akainama mbele yangu, jasho linamtiririka.

"Mwalimu, chumvi imetosha?"

"Imetosha," nikamwambia, ingawa haikutosha, nikaendelea kula.